Ukiitwa na Tume ya Uchunguzi, Useme Nini?

Hati ya wito ikifika mlangoni, swali la kwanza la wengi huwa, "Nisipokwenda watanifanya nini?" Kwa Kenya, jibu limo katika Sheria ya Tume za Uchunguzi, Sura ya 102. Rais ndiye huunda tume, nao makamishna hupewa uwezo kama wa Mahakama Kuu wa kuita mashahidi, kuwaapisha, kuwahoji na kudai vitabu na nyaraka. Wito huo si mwaliko wa harusi. Nenda.

Kabla ya siku yenyewe, tafuta hadidu za rejea za tume katika Gazeti Rasmi la Serikali ujue wanachunguza nini hasa. Ikiwa mambo hayo yanakugusa wewe mwenyewe, una haki ya kuwakilishwa na wakili. Mwone mapema, si asubuhi ya kuhojiwa.

Kisha kaa uandike. Hapa usiwe na haraka, kwa kuwa mashahidi wengi huponzwa na haya ya kusema "sikumbuki". Kwa kila jambo jiulize: nililiona, niliambiwa, au ninakisia? Tuseme ulikuwa boharini usiku ule. Andika: "Niliona lori jeupe. Watu wanne walikuwa wakishusha magunia, sikuona kilichomo. Mlinzi ndiye aliyeniambia ni mbolea." Maneno hayo yatasimama hata ukihojiwa kutwa nzima. Lakini ukiandika, "Niliwaona wakiiba mbolea," wakili atakuuliza uliionaje ndani ya gunia lililoshonwa, nawe utaanza kujazia. Tarehe ikikupotea, itafute kwenye ujumbe wa M-Pesa, risiti au picha za siku hiyo. Usiibuni.

Kujazia ndiko kunakoweza kukufikisha gerezani. Kanuni ya Adhabu ya Kenya inakihesabu kikao cha tume ya uchunguzi kuwa shauri la kimahakama, na ya Tanzania vilevile. Anayetoa ushahidi wa uongo kwa kujua, katika jambo lenye uzito kwa uchunguzi, anaweza kufungwa hadi miaka 7. Anayemshawishi shahidi adanganye naye ana kosa, kwa hiyo bosi akikuita ofisini "mpange maneno", kataa na umweleze wakili wako. Yashike hasa hayo maneno "kwa kujua". Aliyesahau au kuchanganya siku si mwongo, na sheria hairuhusu mtu atiwe hatiani kwa neno la shahidi mmoja tu kwamba alidanganya.

Kuna kinga ambayo wengi hawaijui. Chini ya Sura ya 102, ushahidi uliotolewa mbele ya tume haupokelewi dhidi ya mtu katika kesi ya madai wala ya jinai, isipokuwa kesi ya kuidanganya tume yenyewe. Maana yake, ukweli unaokuaibisha umewekewa ngao, na uongo wa kuificha aibu hiyo hauna ngao yoyote. Mwombe wakili akufafanulie kinga hiyo inaishia wapi kwa hali yako, kwani haiwazuii polisi kutafuta ushahidi wao kwingine.

Ukishatoka kizimbani ukagundua ulikosea, usinyamaze ukiomba isigundulike. Waandikie wakili wa tume na katibu siku hiyohiyo, utaje ulichosema na kilicho sahihi, uombe kurudi kurekebisha.

Mwisho, tunza nakala ya taarifa yako iliyotiwa saini pamoja na kila karatasi uliyowakabidhi. Novemba 1991, Rais Moi aliivunja tume ya Jaji Evans Gicheru iliyokuwa ikichunguza kifo cha Dkt. Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje wa Kenya, kabla haijamaliza kazi yake. Tume huweza kufa njiani. Nakala yako ibaki nyumbani, mahali pakavu, na mtu mmoja unayemwamini ajue ilipo.