Safari Ndefu ya Pikipiki Wakati wa Kipupwe: Mwongozo kwa Madereva na Abiria wa Nyanda za Juu Kusini

Kijitabu hiki ni cha nani?

Ni cha dereva wa bodaboda anayekodiwa alfajiri kutoka Makambako kwenda Njombe, mwalimu anayerudi kituoni baada ya likizo, ofisa ugani anayezunguka vijiji vya Makete, na yeyote anayewahi msiba mbali na kutaka kugeuza siku hiyohiyo. Kuanzia Juni hadi Agosti wote hawa hukutana na hatari moja ambayo wengi huichukulia kama usumbufu tu: baridi. Mwongozo huu unaeleza baridi inavyomdhoofisha dereva na jinsi ya kufika salama.

1. Baridi ya barabarani si ile ya nyumbani

Kadiri unavyopanda, joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000. Mji wa Njombe unakaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo wilayani Makete uko juu zaidi, takriban mita 2,600. Asubuhi za kipupwe huko nyasi hukutwa zimefunikwa na sakitu.

Ukipanda pikipiki, unajiongezea upepo. Hesabu zinazotumiwa na wataalamu wa hali ya hewa zinaonyesha jinsi ngozi isiyofunikwa inavyohisi:

- Hewa ikiwa nyuzi 10, kwa spidi ya kilomita 60 kwa saa ngozi huhisi kama nyuzi 5. Kwa spidi ya 80, kama nyuzi 4.
- Hewa ikiwa nyuzi 5, kwa spidi ya 60 ngozi huhisi kama nyuzi 2 chini ya sifuri. Kwa spidi ya 80, kama nyuzi 3 chini ya sifuri.

Kwa hiyo sweta linalokutosha ukiwa umekaa barazani halikutoshi ukiwa barabarani. Nguo zikilowa kwa umande au manyunyu, hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa nguo mbichi hunyonya joto la mwili haraka.

2. Mikono hutangulia kushindwa

Joto la kawaida la mwili ni takriban nyuzi 37. Mwili ukianza kupoa, hupunguza damu inayokwenda mikononi na miguuni ili kulinda moyo na ubongo. Dereva hujiona mzima, kumbe vidole vimeshakuwa vizito na mguu wa breki umekufa ganzi.

Kwa spidi ya kilomita 80 kwa saa, pikipiki hukata mita 22 kila sekunde. Vidole vikichelewa kwa sekunde moja kushika breki, umeshapita umbali unaozidi urefu wa semi-trela. Mbuzi aliyekatiza au lori lililosimama konani havitakusubiri.

*Jaribio la vidole.* Kila unaposimama vua glavu, kisha gusisha ncha ya kidole gumba na ncha ya kidole cha mwisho cha mkono huohuo. Fanya hivyo kwa mikono yote miwili. Kama vidole havikutani, au vinakutana kwa shida, usiendelee na safari. Ota jua, kunywa chai, weka mikono kwapani, kisha jaribu tena.

3. Panga safari kwa kufuata jua

Mwezi Juni jua la Njombe huchomoza karibu saa 1 asubuhi na kuzama karibu saa 12 na nusu jioni. Saa za baridi kali zaidi ni zile za kabla ya mapambazuko mpaka jua linapopanda, na ndizo saa ambazo madereva wengi hupenda kuondoka ili "kuwahi". Kipupwe kina kanuni yake: *chelewa kuondoka, simama mara kwa mara, wahi kufika.*

Chukua mfano wa safari ya Iringa hadi Njombe, zaidi ya kilomita 200:

- *Saa 2 asubuhi:* ondoka Iringa ukiwa umekula. Tumbo tupu halitoi joto.
- *Kabla ya Mafinga:* simama mara moja. Tembea, nyoosha miguu, fanya jaribio la vidole.
- *Mafinga, karibu saa 3 na nusu hadi 4:* kunywa kitu cha moto, upumzike walau nusu saa.
- *Katikati ya Mafinga na Makambako:* simama tena hata kama hujachoka.
- *Makambako, karibu saa 6 mchana:* kula. Hapa unaiacha barabara kuu ya Mbeya na kushika ya Njombe na Songea.
- *Njombe, karibu saa 8 mchana:* umefika, na jua bado lipo.

Usipange kugeuza siku hiyohiyo. Kurudi kutakukutanisha na jioni ukiwa umechoka, na baridi humpata haraka mtu aliyechoka. Tenga fedha ya kulala kama unavyotenga ya mafuta.

4. Mavazi

Nguo tatu nyepesi zilizopandana hukinga kuliko koti moja zito, kwa sababu hewa iliyonaswa katikati ndiyo inayohifadhi joto.

- *Ndani:* fulana inayobana kidogo na suruali ya kuvalia ndani.
- *Katikati:* sweta la sufu au jaketi la manyoya. Nguo hizi za mitumba hupatikana kwa bei nafuu.
- *Nje:* koti la mvua au jaketi lisilopitisha upepo, lililofungwa mpaka shingoni. Ukikosa, tandaza magazeti kifuani chini ya koti. Yanazuia upepo vizuri.
- *Mikono:* glavu nene zinazofunika kifundo cha mkono. Hakikisha bado unaweza kuvuta breki na klachi. Vifuniko vya kufungwa kwenye usukani visizuie mkono kutoka haraka.
- *Miguu:* soksi mbili na viatu vya kufunika vifundo. Soksi zisibane, maana zikibana zinazuia damu. Ndala si kiatu cha safari.
- *Kichwa:* helmeti yenye kioo, iliyofungwa mkanda, kwa dereva na abiria. Usivae kofia nene ya sufu ndani yake, kwa kuwa helmeti italegea. Tumia kitambaa chembamba. Fungua kioo kidogo kikianza kupata mvuke.
- *Juu ya yote:* kizibao kinachong'aa, ili wenye magari wakuone kwenye ukungu.

5. Pikipiki

Pima upepo wa tairi asubuhi kabla ya kuondoka. Joto likishuka nyuzi 10, upepo hupungua kwa PSI 1 hadi 2, hivyo tairi lililojazwa mchana wa jua linaweza kuamka limelegea. Tumia choki kuwasha injini, kisha iache ipate moto. Kilomita za mwanzo nenda taratibu, kwa sababu tairi la baridi halishiki lami vizuri. Kagua taa zote, indiketa, breki, cheni na waya wa klachi. Waya mgumu huchosha mkono ambao tayari una ganzi.

6. Barabarani

*Ukungu:* punguza mwendo na utumie taa ya chini. Taa kali hurudishwa na ukungu machoni mwako. Usifuate taa za nyuma za lori kwa karibu ukidhani linakuongoza. Ukungu ukizidi, toka kabisa nje ya barabara na usubiri.

*Misitu:* kwenye eneo la msitu wa Sao Hill, kivuli cha misonobari huifanya lami ibaki na unyevu hata jua likiwa limeshatoka. Usifunge breki ghafla wala kulaza pikipiki kwenye kona zenye kivuli. Tarajia malori ya magogo na mbao yanayoingia barabarani taratibu, yakiwa na matope kwenye matairi.

*Upepo wa malori:* lori likikupita au mkipishana, upepo wake hukusukuma. Shika usukani kwa mikono miwili na usikae pembezoni kabisa mwa lami.

7. Mazoea ya kuacha

*Pombe ya "kuchangamsha mwili".* Komoni au pombe kali hukufanya uhisi joto kwa sababu damu inakimbilia kwenye ngozi, na hapohapo joto lako linapotea hewani. Unapoa zaidi huku akili ikichelewa.

*Kushika ekzozi.* Mkono wenye ganzi hausikii moto, na utajua umeungua baada ya ngozi kuvuka.

*Jiko la mkaa chumbani.* Ukifika gesti, usilale na jiko ndani. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na hiyo huua watu usingizini.

*Mishikaki.* Abiria wawili au watatu hawakupi joto. Wanakunyima breki na uthabiti. Abiria mmoja anatosha, naye muulize hali yake kila mnaposimama. Akianza kusinzia mgongoni, simama.

8. Mwenzako akizidiwa na baridi

Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, maisha yako hatarini. *Dalili:* kutetemeka bila kujizuia, kuangusha vitu, kuyumba, kusema kwa ulimi mzito, kutojali kinachoendelea. Kutetemeka kukikoma ilhali hajapata joto, hali imekuwa mbaya.

- Mtoe kwenye upepo, mwingize ndani ya nyumba au gari.
- Mvue nguo mbichi, mfunike nguo kavu na blanketi, pamoja na kichwa.
- Anza kumpasha kifua na kwapa. Usimsugue mikono na miguu.
- Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, mpe chai ya moto yenye sukari. Asipewe pombe.
- Asiendeshe tena siku hiyo.
- Akichanganyikiwa au kupoteza fahamu, mwahishe kituo cha afya. Polisi hupatikana kwa namba 112, Zimamoto na Uokoaji kwa 114.

Neno la mwisho kwa msafiri

Ndugu dereva, mteja anayekuharakisha saa 11 alfajiri hatakushikia breki. Mwambie mtaondoka jua likishatoka, na umweleze kwa nini. Nawe abiria, ukimwona dereva wako hana glavu wala koti la maana, usipande.