Maswali Manne Kabla ya Kulipia Jimu: Somo la Vifaa kwa Anayeanza Kupunguza Mwili

Kila boom likitoka, biashara mbili huchangamka njiani kuelekea hosteli: ya chipsi na ya vifaa vya kupunguza mwili. Utaambiwa kuna mkanda wa kufunga tumboni unaoyeyusha kitambi huku umekaa zako darasani. Kuna kigurudumu cha kusukuma sakafuni, kuna kamba, kuna dambeli za pinki. Ukutani kumebandikwa matangazo ya jimu, na kila tangazo lina picha ya mtu ambaye, ukimtazama tu, unajua hajawahi kuwa na shida unayotaka kuitatua wewe.

Sisi tunaosoma ualimu tumeimbiwa jambo moja tangu mwaka wa kwanza: zana ya kufundishia haichaguliwi kwa uzuri wake, inachaguliwa kwa sababu inamfikisha mwanafunzi kwenye lengo la somo. Ralph Tyler, Mmarekani aliyeandika kitabu chembamba kuhusu mitaala mwaka 1949, aliacha maswali manne ambayo kila mwanafunzi wa elimu anayajua. Tunataka kufikia nini? Ni mambo gani tukiyafanya yatatufikisha? Tuyapange vipi? Tutajuaje kama tumefika? Nimeyachukua maswali hayo nikaingia nayo jimu, na ninakuambia yanafaa huko kama yanavyofaa darasani.

Swali la kwanza: Unataka kufikia nini?

"Nataka kupungua" bado si lengo, ni hamu. Lengo lazima lipimike. Chukua uzito wako kwa kilo, ugawanye kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa urefu huohuo. Mfano, mtu wa kilo 82 mwenye urefu wa mita 1.65: 1.65 mara 1.65 ni 2.72; 82 gawanya kwa 2.72 unapata kama 30. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mtu mzima mwenye 18.5 hadi chini kidogo ya 25 yuko sawa, kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 huo ni unene wa kupindukia.

Hesabu hii ina kasoro. Haitofautishi msuli na mafuta, kwa hiyo mcheza raga mwenye misuli mizito anaweza kuonekana mnene kwenye karatasi. Lakini kwa wengi wetu inatosha kuanzia. Na ina faida moja ambayo watu hawaisemi: inaweza kukuambia kwamba huna cha kupunguza. Hapa chuoni kuna dada zetu wenye 20 au 21 wanaoruka chakula cha mchana kwa sababu ya picha walizoona kwenye simu. Wao hawahitaji kupungua. Wakifanya tizi wafanye ili wawe na nguvu, na chakula wale.

Kama kweli unahitaji kupungua, kasi salama ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Inaonekana ndogo, ila piga hesabu: kwa wiki 15 za muhula, nusu kilo tu kila wiki ni kilo 7 na nusu. Anayekuahidi kilo 10 kwa wiki mbili anakuuzia maji yatokayo mwilini, na maji hayo utayarudisha ukinywa jagi moja.

Jambo jingine la kuweka wazi mapema ni chakula. Mtu wa kilo 80 akitembea kwa mwendo wa kawaida, kama kilomita 5 kwa saa, kwa dakika 30 anatumia takriban kalori 140. Soda ya chupa ya mililita 350 ina karibu gramu 35 za sukari, na kila gramu ya sukari ina kalori 4. Zidisha: 140. Nusu saa ya jasho imemezwa kwa dakika tatu pale kantini. Sisemi uache soda milele. Ninasema hakuna mashine inayoweza kushindana na mdomo.

Swali la pili: Kifaa gani kitakufikisha?

Gawanya vifaa vyote katika mafungu mawili. Fungu la kwanza linapandisha mapigo ya moyo na kutumia nishati. Fungu la pili linajenga nguvu. Anayepunguza mwili anahitaji yote mawili, kwa sababu ukipungua kwa kujinyima chakula peke yake, unapoteza mafuta pamoja na msuli.

Tuanze na mashine ya kukimbilia, ile yenye mkanda unaozunguka chini ya miguu. Mhandisi William Cubitt alibuni kinu cha kukanyaga kwa ajili ya wafungwa wa Uingereza mwaka 1818, kwa hiyo ukijisikia kama uko kifungoni humo, hujakosea sana. Anayeanza hana haja ya kukimbia. Tembea, kisha inua mkanda kidogo kana kwamba unapanda kilima. Usining'inie kwenye vyuma vya kushikia, maana ukivishika unaibeba nusu ya kazi kwa mikono na kuipunguzia miguu.

Baiskeli ya kusimama ni rafiki wa mtu mzito na wa mwenye magoti mabovu, kwa kuwa kiti kinabeba uzito wako. Kabla ya kupanda, simama kando yake na uweke kiti usawa wa nyonga. Ukikanyaga pedali hadi chini, goti libaki limekunjwa kidogo. Likikunjwa sana litauma kesho.

Mashine ya kukanyaga huku mikono ikivuta na kusukuma nayo ni laini kwa viungo. Ile ya kupiga makasia inafanyisha kazi miguu, mgongo na mikono kwa pamoja, lakini inataka ufundishwe. Nguvu inaanzia miguuni, mgongo unabaki umenyooka. Kama hakuna wa kukuelekeza, iache kwanza.

Kamba ya kuruka ni ya bei rahisi na inaingia kwenye begi. Ikanyage katikati kwa mguu mmoja, vishikio vifike makwapani. Hapo ndipo urefu wako. Ruka chini chini, tua kwa mbele ya nyayo. Lakini ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, na kila kutua magoti yanabeba mzigo. Mwenye 30 na zaidi kwenye ile hesabu yetu aanze na kutembea, kamba aifikie baadaye.

Upande wa nguvu, mashine za vyuma zinakuongoza njia ya kusukuma na kuvuta, hivyo ni salama kwa mgeni asiye na mwenzake. Dambeli zinataka ujue mkao. Kipimo cha uzito ni hiki: uweze kunyanyua mara 10 hadi 12, mara mbili za mwisho ziwe ngumu lakini mkao usiharibike. Ukifika 12 ukiwa unapiga stori, ni nyepesi. Na dada zangu, vyuma havitakufanya uwe baunsa. Homoni inayojenga misuli mikubwa ya wanaume kwetu ni kidogo sana.

Je, huna hela kabisa? Dumu la lita 5 likijaa maji ni kilo 5, na lina mpini. Kiti cha chumbani kinatosha kwa skwoti: keti, inuka, rudia. Ngazi za hosteli ni mashine ambayo umeshailipia.

Sasa vya kuacha. Mkanda wa jasho hautoi mafuta, unatoa maji. Kile kigurudumu kinaimarisha misuli ya tumbo, ila ni kigumu kwa mgongo wa mgeni, na hakichagui kuchoma mafuta ya tumboni. Hakuna kifaa chenye uwezo huo. Mwili unatoa mafuta unakotaka wenyewe, hauchukui maelekezo.

Mfano kutoka chumbani kwetu

Mwenzangu wa chumba amekubali nieleze habari yake bila jina. Mama yake ana kisukari aina ya pili, na yeye mwenyewe alipopimwa mwaka jana aliambiwa sukari imeanza kupanda, apunguze uzito mapema. Kwa hiyo kwake hili halikuwa suala la gauni la mahafali. Boom lilipoingia, baada ya kutoa hela ya chakula na ya kutoa kopi, alibakiwa na kiasi cha kununua mkanda au kulipia jimu mwezi mmoja.

"We mwalimu," akaniambia, "nichukue kipi?"

Nilimuuliza magoti yakoje. Akasema la kulia linauma akishuka ngazi. Nikauliza anatoka darasani saa ngapi. Saa moja usiku, siku nne kwa wiki, na njia ya kwenda jimu ile aliyoitaka ni giza. Nikamuuliza basi kwa mwezi angekwenda mara ngapi kwa ukweli, siyo kwa matumaini.

Akanyamaza, kisha akasema, "Jumamosi tu."

Tukapiga hesabu. Tuseme ada ya mwezi ni shilingi 40,000. Anayekwenda mara 12 analipa kama 3,300 kila anapoingia. Anayekwenda mara nne analipa 10,000. Yeye akaona ni bora alipe kwa siku kila Jumamosi, apande baiskeli. Siku nyingine tukaamka mapema kutembea, na dumu la maji likahamia kando ya kitanda. Soda akaibakiza kwa Jumapili. Baada ya wiki 10 alikuwa amepungua kilo 4. Jimu moja ingemcheka kwa kasi hiyo, lakini alirudi kupima na sukari ilikuwa imeshuka, na sasa anapanda hadi ghorofa ya nne bila kusimama njiani.

Ndiyo maana nasema kifaa bora ni kile utakachokifikia. Mashine ya mamilioni iliyoko mwisho wa njia ya giza ni sawa na projekta kwenye shule isiyo na umeme.

Swali la tatu: Upange vipi?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Dakika 150 ni nusu saa mara tano. Nusu saa hiyo huitoi siku ya kwanza. Ualimu unasema kutoka rahisi kwenda gumu, basi wiki ya kwanza anza na dakika 10 au 15, ongeza tano kila wiki. Ongeza kitu kimoja kwa wakati: ukiongeza muda, usiongeze na mwinuko.

Utajuaje kama ni wastani? Ongea. Ukiweza kusema sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko mahali pake. Ukiweza kuimba, kaza mwendo. Ukishindwa kutamka hata jina lako, punguza.

Anza kila mara kwa dakika 5 za kupasha mwili, maliza kwa kupunguza mwendo taratibu. Siku za nguvu zisifuatane, misuli ipumzike. Na mwenye presha, pumu, ugonjwa wa moyo, kisukari anachotumia dawa au ujauzito aonane kwanza na daktari. Yeyote akisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu asimame hapohapo na atafute msaada. Hakuna ushujaa wa kumalizia seti.

Swali la nne: Utajuaje umefika?

Usiamini namba ya kalori kwenye kioo cha mashine. Mara nyingi inakukadiria juu, na mashine nyingi hazijui hata una kilo ngapi. Fanya kama tunavyofanya darasani: uwe na upimaji endelevu, usisubiri UE. Panda mizani mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi kabla ya kula. Uzito hupanda na kushuka kwa maji na chumvi, ukijipima kila siku utajitesa bure. Azima futi ya fundi cherehani upime kiuno kila baada ya wiki mbili. Na andika jambo moja unaloliweza leo ambalo mwezi uliopita hukuliweza.

Zoezi la nyumbani ni hili. Chukua nusu karatasi, jibu maswali manne kwa mkono wako: lengo lako kwa namba, kifaa unachoweza kukifikia kwa miguu na kwa mfuko wako, siku na saa utakazokitumia, na namna utakavyojipima. Kama umekwama kwenye la kwanza, usinunue kitu bado. Vaa raba uje tutembee. Tunaanzia uwanja wa mpira saa kumi na mbili asubuhi, Jumatatu hadi Alhamisi, na mwendo wetu ni wa kuongea.