Ekzosi Inayolipuka Ukiachia Mafuta: Maswali na Majibu

Nimetoa ekzosi ya kiwandani kwenye pikipiki yangu ya Boxer, nikafunga ya wazi. Nikivuta mafuta inakwenda vizuri, lakini nikiachia kwenye mteremko inapiga pa-pa-pa. Kumeharibika nini?

Pengine hakuna kilichoharibika. Ukiachia mafuta huku gia imeingia, tairi ndilo linaloizungusha injini. Kabureta imefunga, hewa inayopita ni kidogo, mafuta ni kidogo zaidi, na ndani ya silinda bado kuna mabaki ya moshi wa mzunguko uliopita. Plagi inapiga cheche, ila moto haushiki kila mara. Petroli isiyoungua inatoka kupitia valvu ya moshi, inaingia kwenye bomba la moto, na ikikuta hewa safi humo inalipuka.

Hata ekzosi ya kiwandani huwa na milipuko hiyo midogo, lakini vyumba na vibati vya ndani huimeza sauti. Ya wazi haimezi kitu. Isitoshe, kwa kuwa imepunguza ukinzani wa moshi, mchanganyiko uliokuwa sawa kiwandani sasa una hewa nyingi kuliko inavyotakiwa. Ukiwa umetoboa boksi la filta pia, umeongeza tatizo juu ya tatizo, na vumbi la barabara zetu utalilipia kwenye pistoni na ringi.

Fundi anasema ninunue jeti kubwa. Ninunue?

Bado. Jeti ndiyo watu hukimbilia, na mara nyingi kosa liko kwenye gasketi ya bei ndogo kabisa. Kila ukifungua ekzosi kwenye kichwa cha silinda, ile ringi laini ya kuziba huwa imekwisha kubanwa; ukiirudisha ileile, inavuja. Bomba likivuja pale, hewa ya nje hufyonzwa ndani, na hiyo ndiyo hewa inayoikamilishia petroli mlipuko wake.

Pima hivi: washa injini ikiwa baridi, ziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene kilicholowa kwa sekunde chache, kisha sikiliza kwenye maungio. Kikisikika kijisauti cha kupumua, umepata mchawi wako. Maji ya sabuni nayo yataonyesha mapovu. Kagua pia mpira unaounganisha kabureta na injini. Ukipasuka, huingiza hewa ambayo kabureta haijui habari zake. Unyunyizie maji kidogo: mlio wa injini ukibadilika, mpira umepasuka. Usinyunyizie petroli, hata kama umemwona mtu akifanya hivyo.

Kuna kitu kingine kinachosahaulika. Baadhi ya kabureta zina valvu ndogo yenye kiwambo cha mpira, kazi yake ni kuongeza mafuta kidogo pale unapoachia akseli. Kiwambo hicho kikitoboka, pikipiki inalipuka hata ikiwa na ekzosi yake ya asili. Pikipiki nyingine zina mfumo unaoingiza hewa safi kwenye ekzosi makusudi ili moshi uungue zaidi. Kwenye ekzosi ya wazi mfumo huo huchochea milipuko.

Hakuna kinachovuja. Sasa je?

Sasa gusa skrubu ya mchanganyiko. Kama iko upande wa injini, ni ya mafuta: kuifungua kunaongeza mafuta. Kama iko upande wa filta, ni ya hewa: kuifungua kunapunguza mafuta. Hapa ndipo wengi hugeuza kinyume. Injini ikiwa imepata moto, funga skrubu taratibu mpaka iguse, ukihesabu mizunguko, uandike, kisha uirudishe na uongeze mafuta robo kwa robo. Ukilazimika kupita mizunguko mitatu kwenye skrubu ya mafuta, hapo ndipo jeti ndogo, ile inayoilisha injini ikitulia, ipandishwe namba moja. Jeti kubwa iache. Wakati akseli imefungwa haihusiki.

Nilirekebishiwa Mbeya ikanyamaza. Nimeileta Dar es Salaam, imeanza tena.

Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi. Kabureta iliyopimwa kule, ikishuka pwani inakutana na hewa nzito zaidi, na mafuta yanakuwa haba. Rekebisha pale unapofanyia kazi.

Yangu haina kabureta, ni ya sindano.

Skrubu haikuhusu. Angalia uvujaji kwanza, hasa karibu na kihisi cha oksijeni, maana hewa ya nje hukidanganya. Yakibaki mabadiliko ya programu, mwachie fundi mwenye vifaa vyake.

Milipuko hii inaua injini?

Midogo, hapana. Ila itazame plagi: ikiwa nyeupe, mafuta ni haba hata ukivuta, na joto hilo huunguza valvu na pistoni. Rangi ya kahawia ndiyo nzuri. Nyeusi ya masizi maana yake umezidisha mafuta.

Hatari zaidi ni mchezo wa vijana wa kuzima swichi pikipiki ikitembea, kisha kuiwasha ili ekzosi ipige kama bunduki. Silinda inamwaga petroli mbichi ndani ya bomba, halafu inaitia moto kwa mpigo mmoja. Silensa hupasuka, mahali pa kuchomelea huachia, na abiria aliyeshtuka nyuma yako anaweza kukuyumbisha. Pikipiki inayofanyiwa hivyo usiilete kwa fundi kuuliza kwa nini inalipuka. Irudishie ekzosi yake ya kiwandani, na gasketi mpya.