SOMO LA MAZINGIRA: ARDHI ILIYOCHIMBWA INAWEZA KUOTA TENA



Kila nyumba ya matofali unayoiona hapa kambini imeacha shimo mahali fulani. Tulichimba udongo, tukafyatua matofali, tukajenga, kisha tukalisahau shimo. Mvua zinapoanza mwezi wa Novemba mashimo hayo hujaa maji. Msimu uliopita mtoto wa jirani yangu alitumbukia katika shimo mojawapo. Alitolewa akiwa hai kwa sababu mama mmoja aliyekuwa akiokota kuni alisikia kelele. Mbu nao huzaliana humo, na kingo hubomoka mwaka hadi mwaka zikisogelea nyumba zetu.

Katika somo hili tutajifunza jinsi ya kurudisha majani na miti katika ardhi ya namna hiyo.

Mfano wa Bamburi

Karibu na Mombasa, nchini Kenya, kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kuchimba mawe ya matumbawe katika miaka ya 1950. Yalibaki machimbo makubwa yasiyo na udongo, yenye jua kali na maji ya chumvi chini yake. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kujaribu kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Aina tatu tu ndizo zilizostahimili, na iliyofanya vizuri zaidi ni mvinje.

Mvinje hustahimili chumvi, na mizizi yake ina vifundo vyenye vijidudu vinavyochukua naitrojeni kutoka hewani na kuulisha mti. Lakini tatizo lilitokea. Majani yake membamba yalianguka yakalundikana bila kuoza. Haller akaleta jongoo wa pwani wenye miguu myekundu. Jongoo walikula majani makavu, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo mweusi. Baadaye miti mingine ikaweza kuota, na ndege na wanyama wakaja. Mwaka 1984 mahali hapo palifunguliwa kwa watalii. Leo panaitwa Haller Park.

Mafunzo ni mawili. Kwanza, huanzi na mti unaoupenda, unaanza na mti unaoweza kuishi pale. Pili, miti peke yake haitoshi mpaka udongo upate uhai tena.

Kosa letu

Mwaka juzi sisi vijana wa mazingira tulipanda miche ya matunda chini kabisa ya shimo la matofali. Tulifurahi, tukapiga makofi. Baada ya wiki chache majani yakawa ya njano, na mvua kubwa ilipokuja maji yalisimama na miche ikaoza. Hatukurogwa na mtu. Udongo wa juu, wenye mbolea, ulikuwa umeondolewa. Uliobaki ni mfinyanzi mgumu usiopitisha maji wala hewa.

Hatua za kufuata

1. Kabla ya kuchimba shimo jipya, toa udongo mweusi wa juu na uweke kando. Usiuchanganye na mfinyanzi. Una mbegu na vijidudu hai, hivyo urudishe mapema. Ukikaa muda mrefu katika lundo hupungua nguvu.

2. Laza kingo za shimo. Ukuta uliosimama wima hubomoka na ni hatari kwa watoto. Jaza chini kwa matofali yaliyovunjika na vifusi vya nyumba zilizoanguka. Usitupe betri, plastiki wala dawa.

3. Chimba mfereji juu ya shimo ili maji ya mvua yapite pembeni, yasiingie kwa nguvu.

4. Lainisha udongo kwa jembe, kisha rudisha udongo wa juu. Kama haupo, tumia samadi iliyooza, majivu kidogo na takataka za jikoni zilizooza.

5. Anza na nyasi kwenye kingo na mimea ya jamii ya kunde katikati: marejea au mbaazi. Baada ya miezi miwili hivi ng'oa mmea mmoja na upasue vifundo vya mizizi. Vikiwa vyekundu ndani, vinafanya kazi. Kata marejea yanapotoa maua uyaache yaoze papo hapo.

6. Msimu unaofuata panda miti, hasa ya kienyeji inayoota yenyewe jirani. Chimba mashimo ya sentimeta 60 kila upande. Zungushia miiba kuzuia mbuzi.

Onyo

Wengi wetu tumetoka sehemu za migodi. Kumbuka: ardhi iliyooshewa dhahabu kwa zebaki si sawa na shimo la matofali. Zebaki haiozi. Mahali pale usipande chakula wala usifuge samaki mpaka udongo na maji vipimwe.

"Ardhi si yetu"

Nilipopita nyumba kwa nyumba, bibi mmoja aliniambia: "Mwanangu, nipande mti ambao sitaukalia kivulini? Kesho tutaambiwa turudi kwetu." Sikuwa na jibu la haraka. Baadaye nilirudi nikamwambia: "Bibi, huko kwetu tulikoacha mashamba, tungependa aliye pale leo ayatunze." Alinyamaza, kisha akaniuliza mbegu za mbaazi zinapatikana wapi.

Wenyeji walitupokea katika ardhi hii. Tukiwaachia mashimo, watakumbuka mashimo. Mbaazi huvunwa katika mwaka wake wa kwanza, na shimo lililolazwa kingo halimezi mtoto leo hii. Faida nyingine zitamfikia atakayebaki.

Maswali ya kujadili katika kijiji chako

1. Mashimo yaliyo wazi ni mangapi, na lipi liko karibu zaidi na shule au bomba la maji?
2. Ni miti gani inayoota yenyewe katika ardhi mbaya hapa?
3. Nani atazungumza na wenyeji kabla ya kazi kuanza?

Pelekeni majibu kwa kiongozi wa kijiji. Kazi ya kulaza kingo ifanyike sasa, kabla mvua hazijaanza.