Picha ya Setilaiti Katika Chumba cha Rubani: Tazama Kwanza Saa Yake

Rubani wa ndege ndogo sasa aweza kuyaona mawingu ya Afrika Mashariki nzima kwenye kishikwambi kilicho mbele yake. Manufaa yake ni makubwa, lakini picha hiyo huonyesha anga ilivyokuwa, si ilivyo sasa. Katika somo hili tunawaeleza marubani, pamoja na wateja wanaokodi ndege, namna ya kuitumia kwa usalama.

Umri wa picha

Setilaiti za Meteosat hulipiga picha bara letu kila baada ya dakika 10 hadi 15, kisha picha huchukua muda zaidi kuchakatwa na kutumwa. Mwaka 2012 bodi ya uchunguzi wa ajali ya Marekani, NTSB, ilitahadharisha kuwa hata picha za rada zinazotumwa kwenye ndege zaweza kuwa za zamani kwa dakika 15 hadi 20 kuliko umri unaoonyeshwa.

Tuchukue safari ya Mwanza hadi Tabora. Njia iliyonyooka hupita karibu na Bukene, takriban kilomita 90 kabla ya Tabora. Ndege yenye mwendo wa kilomita 240 kwa saa husafiri kilomita 80 katika dakika 20. Katika msimu wa mvua, wingu lililoonekana dogo juu ya Bukene laweza kuwa dhoruba ya radi kabla ndege haijafika.

Mtego wa saa

Kwa kawaida picha huandikwa saa za kimataifa, UTC. Picha yenye alama 07:40 ilipigwa saa 4:40 asubuhi kwetu. Anayeisoma kuwa saa 7:40 mchana atakuwa ameongozwa na picha iliyopitwa na saa 3.

Kanuni za kufuata

1. Kabla ya kuruka, pata taarifa na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kwa uwanja unaokwenda na uwanja wa akiba.
2. Tumia picha kuamua kuzunguka, kuahirisha au kurejea. Usiitumie kutafuta upenyo kati ya mawingu ya radi. Jiepushe na dhoruba kali kwa angalau kilomita 37.
3. Kumbuka kuwa setilaiti huona vilele vya mawingu. Haionyeshi upepo ulio chini yake, wala umbali wa kuona uwanjani.
4. Mtandao ukikatika, picha ya zamani yaweza kubaki kwenye skrini. Usiitegemee, wasiliana na waongozaji ndege.

Kwa mteja

Huenda umekodi ndege kumfikisha mgonjwa hospitalini au kuwahi mazishi. Twatambua uzito wa haja hiyo. Hata hivyo, usimshinikize rubani aliyeamua kusubiri. Una haki ya kumwuliza kabla ya kuondoka: taarifa hii ni ya saa ngapi, na tukishindwa kutua Tabora tutakwenda wapi? Asipokuwa na jibu la wazi, ahirisha safari.