JIFUNZE AFYA: SURUA HUFUTA KUMBUKUMBU YA MWILI

Ndugu mzazi wa Buyenzi,

Wengine husema, "Surua ikipita imepita." Sivyo.

Ndani ya damu mna chembe nyeupe, walinzi wa mwili. Kijidudu kikiingia, baadhi yao hutengeneza kingamwili, protini zinazokinasa. Ugonjwa ukiisha, chembe chache hubaki miaka mingi zikikikumbuka, ili kikirudi kishindwe mapema.

Virusi vya surua huziua chembe hizo za kumbukumbu. Mtoto amepona, madoa yametoka, lakini mwili umesahau maadui wa zamani. Kwa miezi mingi, pengine miaka, kichomi na kuhara humpata kwa urahisi.

Chanjo ina virusi vilivyodhoofishwa: hufundisha walinzi bila kuwafutia kumbukumbu.

Novemba 2019 surua ilianza katika kambi ya mpito ya wakimbizi wa Kongo huko Cibitoke, ikawafikia wenyeji. Haichagui.

Sindano ya kwanza ni miezi 9, ya pili miezi 18. Kwa baadhi ya watoto ya kwanza haishiki, ndiyo maana kuna ya pili. Tazama kadi ya mtoto leo. Pakiwa patupu, mpeleke kituo cha afya.