Somo la 12: Moto wa Shamba Usifike Msituni

Juu ya Milima ya Upare, wilayani Same, upo msitu wa Chome. Kilele chake, Shengena, kina urefu wa zaidi ya mita 2,400. Msitu huu hunasa ukungu na mvua. Maji huingia ardhini polepole, kisha hutoka kwenye chemchemi. Hushuka kwa mifereji hadi kwenye ndiva, yaani mabwawa ya asili ya Wapare. Vijiji vya chini ya milima hupata mvua chache. Msitu ukiungua, chemchemi hupungua. Mahindi hukauka.

Moto huanzaje? Mtu huchoma shamba kabla ya mvua za vuli. Mwingine hurina asali kwa mwenge. Mwingine huacha tanuru la mkaa bila mlinzi. Moto hupanda mlima upesi, kwa sababu joto lake hukausha majani ya juu kabla haujafika.

Mwezi wa Oktoba 2020 moto uliwaka kwa jirani zetu, katika Mlima Kilimanjaro. Mamia ya watu walipambana nao kwa zaidi ya wiki moja. Zaidi ya kilomita za mraba 90 ziliungua.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakataza kuchoma majani nje ya mipaka ya shamba lako bila ruhusa. Basi fanya hivi:

1. Jiulize kama ni lazima kuchoma. Majani makavu hufunika udongo, na yakioza huwa mbolea.
2. Kama ni lazima, kwanza nenda ofisi ya kijiji uombe kibali. Waarifu majirani.
3. Lima ukanda kuzunguka shamba, mpaka udongo mtupu uonekane.
4. Subiri upepo utulie. Washa upande wa juu, ili moto ushuke polepole.
5. Wawepo watu wenye maji, majembe na matawi mabichi.
6. Usiondoke mpaka majivu yapoe kabisa.
7. Fyeka nyasi kuzunguka nyumba yako. Usirundike kuni ukutani.

Moto ukikushinda, piga yowe mara moja. Usione haya, wala usikimbie. Jirani akiitwa mapema, moto huzimwa kwa matawi. Akiitwa kwa kuchelewa, kijiji kizima hupata hasara.

Maswali
1. Maji ya kijiji chenu yanatoka wapi?
2. Kwa nini tunawasha moto upande wa juu?
3. Nani hutoa kibali kijijini kwenu?